Muuzaji Hapatikani kwa Sasa

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa Buruburu sijui nifanye nini na methali hiyo, kwa sababu kila kitu hujitembeza. Ndizi hupita na mkokoteni, mayai ya kuchemsha hupita kwa ndoo pamoja na kachumbari yake, smokie huletwa na kigari mpaka kwa geti. Ukiingia ndani ujifungie, runinga inaendelea pale muuzaji wa barabarani alipoachia: asali, mafuta ya kupikia, unga wa uji wa watoto, na nambari ya simu ikipita chini ya kioo. Ukizima runinga, unakuta simu yako inauza vilevile.

Sina haja ya kuuliza kama vyakula hivyo ni vizuri au vibaya. Vingine ni vizuri, vingine ni takataka, na soko limekuwa hivyo tangu lianze. Ninachouliza ni hiki: mtu anayekuuzia chakula ambacho hujakiona, hujakinusa wala kukigusa, na anataka pesa zitumwe kwanza, anakudai imani. Yeye naye anadaiwa nini?

Jibu la kawaida linamgeukia mnunuzi. Jihadhari. Soma kibandiko. Usinunue ovyo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kati ya machache niliyotoka nayo ni kwamba Warumi wanakumbukwa kwa msemo wa aina hiyo, caveat emptor, mnunuzi na ajihadhari. Msemo huo una mantiki yake ukiwa unanunua ng'ombe. Unamzunguka, unamfungua mdomo uone meno, unamtembeza uone kama anachechemea. Ukikosea, kosa ni lako, kwa sababu ulipewa nafasi ya kuangalia.

Chakula cha kwenye kioo hakikupi nafasi hiyo. Kioo hufanya kazi na macho na masikio tu, lakini chakula hujulikana kwa pua, kwa ulimi na kwa vidole. Mamangu akienda Mutindwa kununua nyanya huwa haziangalii kwanza, huzibonyeza. Maharagwe huyasugua kiganjani. Samaki humwinua shavu. Kwenye kioo maarifa hayo yote ya miaka hamsini hayana kazi, na yeye na mtoto wa kidato cha kwanza wanakuwa wanunuzi wa kiwango kimoja.

Kisha kuna tatizo la pili: hata jicho lenyewe hudanganyika. Julai 2019, NTV ilionyesha uchunguzi ulioitwa Red Alert, kuhusu nyama katika maduka makubwa nchini. Madai yalikuwa kwamba nyama ilikuwa ikitiwa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali ambayo inaweza kuifanya nyama ya zamani ionekane nyekundu kama iliyochinjwa alfajiri, na ambayo inaweza kumletea shida ya kupumua mtu mwenye pumu. Watu walipiga kelele wiki nzima na wengi wakarudi kwa buchari za mtaani. Wazia basi maana ya tukio lile. Mnunuzi alikuwa amejihadhari. Alisimama mbele ya kioo cha friji, akaichunguza nyama, akachagua ile nyekundu zaidi. Uangalifu wake ndio uliomponza, kwa sababu aliyetia dawa alijua mnunuzi makini huangalia rangi.

Wengi wetu tukishachoka kuamini macho hukimbilia uso. Namjua huyu. Kuna mama anayeuza githeri karibu na stage yetu, na nusu ya mtaa humla bila swali. Ukimuuliza jamaa yeyote pale kwa nini, hatataja usafi wa sufuria. Atakwambia, "Si unamjua mathe? Yuko hapa tangu nikiwa class three." Hiyo ni hoja nzito kuliko inavyosikika. Mama huyo akiumiza matumbo ya watu Jumatatu, Jumanne atakuwa palepale, na sisi tutakuwa palepale. Hana pa kukimbilia, na yeye analijua hilo kila asubuhi anapoosha maharagwe.

Lakini uso nao una mpaka wake. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu jirani, mahindi yenye sumu ya kuvu, aflatoksini, yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliothibitika kuugua. Mengi ya mahindi hayo hayakutoka kwa tapeli yeyote. Yalikuwa mahindi ya watu wenyewe, yaliyovunwa wakati wa mvua isiyo ya msimu, yakawekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka, na mengine yakauzwa sokoni na jirani kwa jirani. Aflatoksini haina ladha wala harufu ya kukuonya, na kuchemsha hakuiondoi. Kenya inaruhusu isizidi sehemu 10 katika kila bilioni, na hakuna mama duniani mwenye jicho la kuona sehemu 10 katika bilioni. Huku Nairobi tuna mfano wa karibu zaidi, sukuma inayokuzwa kando ya mito kwa maji ya taka. Mama mboga aliyeinunua sokoni alfajiri hajui ilinyweshwa nini. Anaweza kukuuzia ugonjwa kwa moyo mweupe kabisa.

Pale ambapo jicho na uso vimeshindwa, tumeambiwa tutegemee alama. KEBS ipime, iweke alama yake ya ubora, sisi tule. Novemba 2019, KEBS hiyohiyo ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi baada ya kuzikuta na aflatoksini kupita kiasi. Hizi hazikuwa bidhaa za uchochoroni. Zilikuwa pakiti zenye alama, zinazojulikana, zilizokuwa jikoni mwa watu siku ile tangazo linasomwa kwenye taarifa ya habari. Watu wengi nawajua walioamua siku hiyo kwamba basi, hakuna cha kuamini, heri ule ukimwomba Mungu.

Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu iko ndani ya tukio lilelile. Wangewezaje kusimamisha chapa tano? Kwa sababu kulikuwa na chapa. Kulikuwa na jina, kiwanda, kibali chenye nambari, mtu wa kuandikiwa barua na rafu ya kuondolewa pakiti. Ukaguzi ulichelewa, na kuna watu waliokula ugali huo kwa miezi. Hata hivyo ulipofika, ulikuwa na mlango wa kubisha. Jicho linaweza kudanganywa, uso unaweza kutojua, alama inaweza kutolewa vibaya. Kitu kinachofanya makosa hayo yote yarekebishike ni kimoja: kwamba muuzaji anapatikana.

Hapo ndipo ninaposimama. Anayeuza chakula anadaiwa, kabla ya ladha na kabla ya bei, kupatikana. Si kwamba asikosee kamwe; hilo hata mama zetu hawaliwezi. Ila kosa lake likitokea, liwe na njia ya kurudi kwake.

Dadangu ana mtoto wa miezi minane. Mwaka huu aliona kwenye runinga unga wa uji wa mchanganyiko: wimbi, mtama, soya, njugu karanga na omena, vyote kwenye pakiti moja. Aliagiza pakiti nne. Zilikuja na bodaboda, karatasi inang'aa, picha ya mtoto mnene anacheka. Hakukuwa na tarehe ya kutengenezwa, hakukuwa na jina la mahali, hakukuwa na alama yoyote isipokuwa ile nambari ya simu. Alipoufungua ulinuka kama kabati lililofungwa muda mrefu. Akapiga simu. Mara ya kwanza msichana mwenye sauti nzuri alimwambia hiyo ni harufu ya omena, ni ya kawaida, ati watoto huipenda. Mara ya pili akaambiwa atapigiwa. Mara ya tatu ile sauti tunayoijua sote ikamwambia mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa.

Mtoto alikuwa amekunywa uji huo siku tano. Hakuugua, na ajabu ni kwamba hilo halikutuliza mtu. Njugu na nafaka ndivyo vyakula aflatoksini inavyovipenda, na ikiwa kidogo kidogo haimwangushi mtu siku hiyo. Hukaa, ikarudi kwenye ini miaka mingi baadaye. Kwa hiyo dadangu hana ushahidi wa kupeleka popote. Labda unga ulikuwa mzuri na harufu ni omena kweli. Alichonyang'anywa ni uwezo wa kujua, na hilo ni dhara hata kama tumbo la mtoto liko sawa. Siku hizi anajinunulia nafaka, anachambua njugu moja moja akitupa zilizokunjamana na zenye kuvu, halafu anapeleka posho mill. Kuchambua husaidia kweli, ingawa hakumalizi. Lakini kunamla Jumamosi nzima, na si kila mama ana Jumamosi.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu ninaoishi nao ndio watakaonijibu. Vijana wengi wa Buru wanauza chakula kwa simu: chapati za kuagiza, keki, samosa, asali ya shangazi wa Kitui. Kazi hakuna. Kibali ni pesa, kupima ni pesa, kukodi jiko ni pesa zaidi. Ukidai karatasi, utabaki na kampuni kubwa peke yake, na kijana arudi kukaa barazani. Hoja hii naiheshimu. Mimi pia naishi kwa vibarua vya kuandika, na vingi ni vya kuwaandikia watu kama hao maneno ya kuuza. Mwaka jana jamaa mmoja alitaka niandike kwamba asali yake ni "safi, asilia, bila kemikali." Nikamuuliza inatoka wapi na nani anaichuja. Akaniambia hayo si ya mteja. Kazi ilienda kwa mwingine. Na hilo neno asilia, kwa taarifa tu: aflatoksini ni asilia kabisa, haijatiwa kiwandani na mtu yeyote.

Lakini tazama tunavyoyafanya mambo sasa. Yule mama wa githeri, mwenye jiko moja na mwavuli, ndiye anayefikiwa na kanjo. Ndiye anayedaiwa cheti cha afya cha mshika chakula, kinachohitaji upimwe upya kila miezi sita. Ndiye sufuria yake hubebwa kwenye lori. Anakaguliwa sana kwa sababu anaonekana sana. Anayeuza kwa kioo hana sufuria ya kubebwa. Kadiri unavyojificha ndivyo unavyosumbuliwa kidogo, na kadiri unavyokaa wazi mbele ya watu ndivyo unavyolipia. Huo ni mpangilio unaomwadhibu mtu kwa ile sifa hasa tunayoihitaji kwa muuzaji wa chakula. Kwa hiyo sisemi kijana wa keki abebeshwe mzigo wa kiwanda. Nasema aandike jina lake halisi, jiko liko wapi, na chakula kilipikwa lini. Hayo matatu ni bure. Anayekataa hata yaliyo bure, tatizo lake si mtaji.

Wala hili halimwondolei mkaguzi kazi yake. Mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha The Jungle, riwaya kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago, na wasomaji wakachukizwa na walichokuwa wakila. Hawakuambiwa wawe makini zaidi na soseji. Mwaka huohuo sheria ya ukaguzi wa nyama ilipitishwa Marekani, kwa sababu hakuna umakini wa mlaji unaoweza kuingia ndani ya soseji iliyokwisha kufungwa. Sisi tayari tunalo andiko letu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya habari anazozihitaji, haki ya kulindwa afya yake na haki ya kulipwa akidhurika. Kinataka pia iwepo sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Lakini haki ya kulipwa ni maneno matupu kama anayepaswa kukulipa ni nambari iliyozimwa. Kwa hiyo runinga inayopokea pesa ili ipitishe nambari hiyo chini ya kioo inapaswa kujua nani yuko nyuma yake, na kumtaja akiulizwa. Imekodisha uso wake kwa asiye na uso. Mtaani tungesema umemdhamini, basi ukae ukijua anakoishi.

Wazee walisema pia mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hapo zamani mgema huyo angalau alikuwa na mnazi wake, na kijiji kizima kilijua ni upi. Ukiona tembo ni maji, unaenda chini ya mnazi unasubiri ashuke.

Kwa hiyo kabla sijatuma pesa siku hizi nauliza swali moja, na siulizi kuhusu chakula. Nauliza, "Uko wapi?" Wengine hunitumia picha nyingine ya asali. Wachache huniambia jina la barabara, wakaongeza karibu na nini, wakasema nikipita niingie. Hao ndio ninaonunua kwao, na mara mbili tatu nimepita kweli.