Rangi Iliyotiwa na Rangi Iliyokuja

Fedha ikikaa husawijika. Chukua faranga moja ya Ufaransa ya mwaka 1898, sarafu ya gramu 5, uilaze miaka mingi katika bahasha ya karatasi: salfa iliyomo katika karatasi na hewani huila polepole na kuivika utando mwembamba mno. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na jicho likaona rangi. Kwanza manjano, kisha zambarau, kisha buluu. Utando ukizidi unene, yote huishia weusi.

Wakusanyaji huzigombea rangi hizi, na penye bei hapakosi hila. Wapo wanaoipasha sarafu moto pamoja na salfa, wakapata kwa siku moja buluu ambayo bahasha huitoa kwa miaka mingi. Utando ni wa namna ile ile; fedha haijui kama imeharakishwa. Ikiwa jicho halitofautishi, basi mnunuzi ameibiwa nini?

Mtu atajibu upesi kwamba ameuzwa uongo. Ni kweli, ila uongo haumo katika sarafu. Umo kwa muuzaji, hata akinyamaza. Mnunuzi hakutaka buluu tu. Alitaka ushahidi kwamba kitu kiliachwa kikae. Na aisafishaye kwa tindikali asijitetee kwamba anairudishia sura yake ya asili, kwani utando ule ni fedha yenyewe iliyogeuka, na utokapo hutoka na ngozi ya nakshi.

Faranga hiyo ina mzozo wa pili, nao ni wa sura. Upande mmoja yumo mwanamke aendaye, kofia ya uhuru kichwani, mfuko wa mbegu ubavuni, akipanda huku jua likichomoza. Aliyemchonga ni Oscar Roty, aliyemkusudia kwanza kwa medali ya kilimo mwaka 1887. Mwaka 1916 Marekani ilitoa nusu dola ya Adolph Weinman: mwanamke aendaye upande ule ule, kofia ile ile, jua lile lile. Kwa kweli hata kabla ya hapo Marekani ilikuwa na deni Paris. Augustin Dupré alichonga huko medali ya Libertas Americana, kwa rai ya Benjamin Franklin, na nywele zake zinazopepea zikaonekana katika sarafu za shaba za Marekani za mwaka 1793.

Je, Weinman aliiba? Mimi nasema hapana. Mtunzi wa utenzi hakuibuni bahari yake. Tunamlaumu akitwaa mishororo ya mwenziwe. Roty naye kofia ile aliirithi kwa Mapinduzi ya Ufaransa. Weinman aliuondoa mfuko wa mbegu, akaweka matawi ya mlorea na mwaloni. Mkono uliokuwa ukipanda akaunyoosha mtupu kuelekea jua, na mwili akauvika bendera. Zaidi ya hayo, hakuficha kitu: faranga zilikuwa mifukoni mwa watu, atakaye alinganishe.

Kigezo changu, basi, ni kuficha. Lakini yuko mmoja anayenitatiza. Huyu amechagua kwa makusudi bahasha yenye salfa nyingi, akaitia sarafu ndani, akangoja miaka ishirini. Hakuharakisha, wala hamwambii mnunuzi neno la uongo. Ila rangi aliikusudia tangu siku ya kwanza, na anapoiuza hasemi.