Je, Usafi wa Mboga Unaanzia Kwenye Mbegu?

Hapa Kibuli gunia la sukuma wiki nje ya chumba cha kupanga si jambo geni. Basi Muislamu anayetaka kula kilicho halali na tayyib, je, analazimika kununua mbegu za kilimohai hata kama bei yake ni kubwa kuliko za kawaida?

Wengi hudhani mboga itakuwa safi zaidi. Sidhani. Ile rangi nyekundu au buluu juu ya baadhi ya mbegu ni dawa ya kuzuia ukungu, na mpaka mche uwe jani la kupika, kinachobaki ni kidogo mno. Uchafu mwingi huingilia kwingine: kwenye udongo, maji ya mtaro, dawa iliyopuliziwa juzi. Ukinunua mbegu ghali kisha ukachota udongo kando ya mfereji wa Nakivubo, umenunua jina tu.

Yupo mtu tunayemsahau, naye ni aliyeikuza mbegu. Sukuma ya kula huanza kuchumwa baada ya wiki chache, lakini ya mbegu hukaa shambani miezi mingi mpaka ichanue na kukauka. Muda wote huo huweza kupuliziwa dawa, na kwa kuwa hakuna atakayeila, anayeogopa ni nani? Kibarua ndiye anayeivuta. Kwa hiyo fedha ya ziada inahusu zaidi mapafu yake kuliko tumbo lako. Kwangu hii ndiyo hoja pekee yenye uzito, nayo ni ya haki ya mwenzako, si ya usafi wako.

Lakini haki hiyo haimfikii ikiwa pakiti inasema uongo, na malalamiko ya mbegu bandia nchini Uganda ni ya siku nyingi. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimohai na alama ya Kilimohai. Hata hivyo, mbegu ya kilimohai ikikosekana, mkulima huruhusiwa kutumia ya kawaida isiyopakwa dawa. Ikiwa mkulima mwenye cheti anapewa rukhsa, mwanafunzi anayehesabu nauli ajitwishe mzigo wa nini?

Tena nakati na dodo hazihitaji duka. Acha mashina mawili yakomae, kausha mbegu zake, mpe na jirani. (Mbegu chotara za F1 usijaribu, watoto wake hawafanani na mama.)

Ugumu huja unapoanza kuwauzia wenzako. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Mwambie mnunuzi wako: mbegu ni ya kawaida, mbolea ni samadi, dawa sikupuliza. Kisha achukue au aache.