Fungu la Kuanguka

Mpwa wangu, karatasi uliyoniachia mezani Jumapili nimeisoma mara tatu. Umeandika kwa hati safi: helikopta ya petroli ya mapanga ya milimita 700, fremu na vipuri vyake dola 950, injini dola 330, jumla dola 1,280. Chini ya jumla umepiga mistari miwili. Mistari hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika, maana mtu huipiga hesabu inapokwisha, na hii yako haijafika nusu ya safari.

Kwanza nikupe haki yako. Petroli umechagua vizuri. Helikopta ya umeme ya ukubwa huo humaliza betri zake kwa dakika tano au sita. Ukitaka kukaa uwanjani siku nzima utahitaji seti tatu nne za betri, chaja kubwa na mahali pa kupata umeme. Ile ya methanoli na nitro ina sauti tamu na nguvu nyingi, ila mafuta yake hapa Houston galoni moja hupita dola 25, na galoni haikai. Petroli unainunua kituoni unapojazia gari, unaichanganya na oili ya injini za mapigo mawili, na tangi la nusu lita linakurusha robo saa na ushee.

Tena injini zenyewe hazina makuu. Hizi za Zenoah, za Kijapani, za sentimita za ujazo 23 hadi 29, ni ndugu wa mashine za kufyekea nyasi: zimeumbwa kuwashwa kwa kamba, zipigwe na jua, zifanye kazi. Nilipoishika ya kwanza nilirudi kwetu Pangani palepale, kwa mawazo. Babu yako alikuwa na mashua ya injini, na kazi yangu kabla ya magharibi ilikuwa kuchanganya petroli na oili kwenye dumu. Oili ikipungua, injini inakaukia baharini watu wakiwa mbali na nchi kavu. Ikizidi, plagi inalowa na kamba inavutwa mpaka bega linauma. Babu yako alinifundisha kupima kwa kikopo, si kwa jicho. Nawe upime hivyo. Kitabu cha injini kikisema sehemu moja ya oili kwa sehemu 32 za petroli, basi ni 32.

Sasa tuingie kwenye kile ambacho karatasi yako haikukitaja. Fremu na injini peke yake havijui kuruka. Unahitaji servo tano: tatu za kuinamisha sahani ya pangaboi, moja ya mkia, moja ya kabureta. Mimi nilipounda yangu, servo zilinila dola 320. Kidhibiti chenye jairo, kile kinachouzuia mkia usizunguke ovyo, dola 180. Ekzosi 130, kwa kuwa ile ya mashine ya nyasi haiingii kwenye fremu. Betri ya kulisha servo pamoja na kirekebisha umeme chake, 90. Mapanga yenyewe, ambayo wauzaji wengi hawayaweki sandukuni, 110. Redio ya kuongozea yenye chaneli za kutosha, 300. Programu ya mazoezi ya kompyuta na waya wake, 150. Zana nilinunua za dola 140: bisibisi za pembe sita za chuma kizuri, koleo la viungo, kipima pembe ya mapanga, mizani ya mapanga. Jumlisha na zile 1,280 zako: tumefika dola 2,700, na helikopta bado iko mezani.

Mbali na hizo kuna vitu vya senti chache ambavyo nataka uvione kwa ukubwa wake. Cha kwanza ni gundi ya skrubu. Injini ya petroli ina pistoni moja, na mtikisiko wake unaingia kwenye kila kiungo. Skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma bila gundi itajifungua yenyewe, polepole, kama maji yanavyotafuta ufa. Mimi niliruka skrubu moja tu ya kishikio cha injini kwa sababu chupa ilikuwa imekwisha na duka limefungwa. Kilichofuata kiliniharibia klachi. Cha pili ni mirija ya mafuta. Ile laini ya silikoni, wanayotumia watu wa methanoli, petroli huivimbisha na kuila. Nunua mirija iliyotengenezwa kwa petroli tangu mwanzo. Na kwa kuwa petroli ya Marekani kwa kawaida imechanganywa na ethanoli, usiiache ilale ndani ya kabureta wiki nzima. Itakausha viwambo vyake, na asubuhi ya kuruka utashinda ukivuta kamba.

Nije kwenye neno lenyewe nililokukusudia. Weka fungu la kuanguka.

Helikopta yako itaanguka. Sikutakii mabaya, nakuambia jinsi mambo yalivyo. Ndege ya kuchezea ukiiachia rimoti kidogo, mbawa zake zinaibeba. Helikopta ukiiacha inageuka upande mara moja, na wewe una nusu sekunde ya kuamua. Siku ya kwanza mkia unakuelekea, na kulia ni kulia. Inapogeuka na kukuangalia kwa pua, kulia kunakuwa kushoto, na vidole vinafanya kile vilivyozoea. Mimi ilinitokea nikiwa nimeinua mita tatu tu. Niliposimama juu yake nyasini nilihesabu: mapanga mawili, shafti kuu, shafti nyembamba ya kichwa, gia kubwa, bomba la mkia, miguu. Dola 265 kwa kosa la muda wa kupepesa jicho.

Nazo sikuwa nazo. Mshahara wote wa ziada nilikwishauweka kwenye kununua. Helikopta ikaning'inia gereji miezi mitatu, na kila nilipoipita nilijiona mjinga. Vijana niliowaona uwanjani wakiacha mchezo, wengi wao mikono yao ilikuwa mizuri kuliko yangu. Bajeti yao ilikwisha siku walipofungua sanduku, na anguko la kwanza likawa la mwisho. Hilo ndilo linaloniuma, mpwa wangu, kuona kipaji kinazimwa na dola mia mbili ambazo zingeweza kuwekwa kando.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote kikubwa, tenga dola 600 zisizonunua kitu. Ziite jina lolote, ila usiziguse kwa ajili ya rangi nzuri au ganda la kaboni. Hizo ni za kuanguka mara mbili na kubaki na kidogo.

Na utaratibu wa kununua uugeuze. Wewe umeanza na fremu. Anza na redio na programu ya mazoezi, dola 450. Kila jioni nusu saa, miezi miwili. Elea mahali pamoja mkia ukikuelekea, kisha ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha pua. Kwenye kompyuta utaanguka mara mia bila kununua shafti. Ukiweza kuifanya ielee pua ikikutazama dakika mbili mfululizo bila kuhangaika, njoo tuzungumze habari ya fremu. Na ukigundua katika miezi hiyo kwamba moyo haupo, umetoka na redio ambayo itamfaa mwingine.

Kuna gharama nyingine nisiyotaka uipunguze hata kidogo. Mapanga yale yakizunguka mara 1,400 kwa dakika, ncha zake zinakwenda kasi ya zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Septemba 2013, huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe bustanini, naye alikuwa mzoefu. Ile haikuwa hata ya petroli. Hivyo usiwashe kwenye ua wa nyumba, watoto wa jirani wakichungulia. Jiunge na klabu yenye uwanja, na uwe mwanachama wa Academy of Model Aeronautics, chama cha tangu 1936 chenye makao yake Muncie, Indiana. Uanachama unakuja na bima ya madhara kwa wengine. Serikali nayo, kupitia mamlaka yake ya anga, FAA, inataka usajili wa dola 5 kwa miaka mitatu na mtihani mfupi usio na malipo. Ongeza kizimamoto kidogo, na dumu la petroli lenye kifuniko madhubuti. Dumu hilo lisikae ndani ya nyumba ya dada yangu, hata usiku mmoja.

Jambo la mwisho la pesa, na hili nakuambia kama mjomba. Zile dola 100 unazomtumia bibi yako Pangani kila mwezi hazimo kwenye hesabu hii. Usizihamishe "mwezi huu tu". Ukiweza kuweka dola 150 kwa mwezi baada ya hizo, basi fremu, injini na vyote vilivyobaki pamoja na fungu la kuanguka vitachukua karibu mwaka na miezi saba. Najua unaona ni mbali. Fremu iliyotumika kidogo, ukiipata kwa mtu wa klabu tunayemfahamu, inaweza kuifupisha njia. Nitakusaidia kuikagua shafti na beringi zake kabla hujatoa pesa.

Jumamosi njoo mapema, kabla ya upepo. Redio yangu ya zamani na programu yake vipo kwenye meza ya gereji, nimeshavifuta vumbi. Anza na hivyo, na zile dola 450 zibaki benki kwenye fungu lako.