Deni Moja, Wadai Wawili

Ahadi ni deni, walinena wahenga. Na dawa ya deni ni kulipa. Maneno haya tumelelewa nayo, wala hayana utata maadamu mdai ni mmoja. Je, wadai wakiwa wawili, na kumlipa huyu ni kumdhulumu yule, mtu alipe deni lipi?

Swali hili ndilo kiini cha mjadala uliolitikisa Kanisa Katoliki. Kwetu wengi wa visiwani, tuliozoea kuiona talaka na sheria zake na eda yake, mjadala huo waweza kuonekana wa mbali. Tusiupite upesi. Kanisa hilo hufundisha kwamba ndoa halali ya wabatizwa wawili, ikishakamilika, haivunjwi ila na kifo. Basi aliyeachana na mwenziwe mahakamani, akafunga ndoa nyingine ilhali wa kwanza yu hai, huhesabiwa kuwa angali amefungwa na ahadi ya awali. Hafukuzwi kanisani wala hakatazwi kusali, huzuiliwa Ekaristi.

Tumfikirie mwanamke aliyeachwa na mumewe angali kijana. Baadaye akafunga ndoa ya bomani na mwanamume mwema, wakajaaliwa watoto. Kila Jumapili wenzake wanapojipanga kuiendea altare, yeye husalia kitini. Mwanawe mdogo humwuliza kwa nini. Amjibu nini?

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Familiaris Consortio, alilikariri katazo hilo. Hata hivyo alikiri kuwa sababu nzito, kama malezi ya watoto, zaweza kuwafanya wawili hao wasiweze kutengana. Wakikubali kuishi kama kaka na dada, mlango wa sakramenti haujafungwa. Msomaji na atazame vyema: hapo Kanisa lenyewe lilikwisha kukiri kwamba nyumba ya pili nayo inadai. Kilichobaki kubishaniwa si paa, ni kitanda.

Baada ya sinodi za 2014 na 2015, Papa Fransisko alitoa Amoris Laetitia mwaka 2016. Katika tanbihi ya 351 alidokeza kwamba, kwa baadhi ya watu, msaada wa Kanisa waweza kuwa hata wa sakramenti. Tanbihi hiyo ndogo ikazua tufani. Makardinali wanne walimwandikia maswali matano kutaka ufafanuzi. Mwaka 2017 maaskofu wa Malta, visiwa vilivyohalalisha talaka mwaka 2011 tu, wakasema kwamba aliyejipima kwa unyofu, dhamiri yake ikatulia mbele ya Mungu, hawezi kuzuiliwa. Maaskofu wa Poland wakashikilia desturi ya zamani.

Wanaokaza kamba wana hoja isiyostahili dharau. Yuko pia mke aliyeachwa, akaishi peke yake miaka thelathini kwa kuwa aliliamini neno alilolitamka. Tukisema neno lile lile halikumfunga jirani yake, je, upweke wake ulikuwa upumbavu? Tena, ni nani awezaye kuwa kadhi mwadilifu katika kesi yake mwenyewe?

Naam. Walakini ahadi hudaiwa na watu, haielei hewani. Mdai wa kwanza akiisha kwenda zake na kukataa malipo, deni halifutiki, hugeuka huzuni. Lakini huzuni hiyo hailipwi kwa kuwatoza watoto ambao hawakuwapo siku ya kuapa. Anayemwamuru mama kuivunja nyumba ya pili kwa heshima ya ile ya kwanza huongeza uvunjaji juu ya uvunjaji.

Kwa maoni yangu, anayeiendea meza huku akikiri kwamba anadaiwa hamdhihaki yule aliyebaki peke yake. Amdhihakiye ni asemaye kwamba deni halikuwapo kamwe. Fransisko alifundisha kuwa Ekaristi si zawadi ya waliokwisha kushinda, ni tiba ya walio dhaifu. Na iwe hivyo; ila tiba humfaa mgonjwa aliyekwisha kuutaja ugonjwa wake.

Basi mama yule na amjibu mwanawe kweli: niliahidi mara mbili, na ahadi zote mbili nazipenda. Atakayesikia jibu hilo, awe padri au jirani, asiharakishe kuhukumu.