Uzuri wa Mlango na Haki ya Fundi

Apitaye katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo huona milango ya nakshi, miimo yake imechongwa maua na minyororo. Penginepo husikia ngoma za wanafunzi wa sanaa, ambao chuo chao kilianzishwa mwaka 1981. Nasi twauliza: je, yafaa kuusifu uzuri uliolipwa kwa mali ya pembe na ya watumwa?

Wako wasemao kwamba uzuri hauna dhambi. Wengine husema, heri milango ile ingechomwa moto. Sisi twaona wote wamemtazama mwenye nyumba, wakamsahau fundi. Tukiuchoma mlango, tajiri hapotewi na kitu, maana amekwisha kufa. Apotewaye ni fundi, ambaye mara nyingi hakuacha jina ila kazi yake. Lakini tukiusifu na kunyamaza, twawadhulumu mara ya pili wale waliobeba pembe.

Basi, wasomaji, tuusifu mlango, na papo hapo tuwaambie watoto ni mali gani iliyoulipa. Ngoma haidumu ila mikononi mwa waipigao. Kadhalika kumbukumbu haidumu ila vinywani mwa waisemao.