Sitara ya Nani?

Katika maadili ya watu wa mwambao, sitara ni neno zito. Mwenye kumsitiri mwenziwe husifiwa, na mwenye kumfedhehesha hulaumiwa hata kama alilolisema ni kweli. Lakini neno jema likiwekwa pasipo mahali pake huzaa dhuluma, na dhuluma hiyo haina pwani wala bara.

Chukulia msichana wa Kiseke, wilayani Ilemela, mkoa wa Mwanza: ana sauti nzuri, ila hajapata jina. Mwenye studio anamtaka kimwili kabla ya kumrekodi. Msichana anakataa, kisha anakwenda kushtaki. Je, amemvunjia mtu sitara, au amefunua pazia alilojifichia mdhalimu?

Sheria imekwisha kujibu kwa upande wake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, haki au upendeleo. Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inayomkinga na kisasi anayepeleka taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka husika. Na mwaka 2024, lilipotolewa pendekezo la kumwadhibu pia mwenye kutoa rushwa ya ngono, watetezi wa haki za wanawake walilipinga, wakihoji kwamba aliyeshurutishwa angeogopa kusema asije akageuzwa mshtakiwa.

Hata hivyo, sheria ina mpaka wake. Mtumishi wa ofisini akifukuzwa hupewa barua, na barua ni ushahidi. Msanii hafukuzwi, haitwi tu. Tamasha hupangwa bila yeye, na akiuliza huambiwa nafasi zimejaa. Hakuna hakimu awezaye kumlazimisha mtu amwalike mwingine kuimba. Adhabu ya msema kweli katika sanaa ni kimya, na kimya hakina saini.

Hata palipo na saini, kimya ni kile kile. Zelda Perkins, aliyekuwa msaidizi wa mtayarishaji filamu Harvey Weinstein huko London, alitia saini mkataba wa kunyamaza mwaka 1998, akauvunja hadharani mwaka 2017, baada ya miaka 19. Yeye alifungwa mdomo kwa karatasi. Wa Kiseke hufungwa pasipo karatasi, na kwa hiyo hana hata cha kuchana.

Wako wanaochelea uzushi, na hofu yao si ya kupuuzwa. Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, na ushahidi hauna budi kupimwa. Lakini haki yake haidai kwamba aliyesema atupwe. Kuendelea kumpa kazi wakati shauri linachunguzwa si kumhukumu mtuhumiwa. Bali kumnyima kazi ni kumhukumu mlalamikaji kabla ya shauri kusikilizwa.

Basi ulinzi wa msema kweli hauishii mikononi mwa serikali. Mwaliko ni mali ya wasanii wenyewe: mpiga kinanda, kiongozi wa kikundi, mwandaaji wa tamasha, mhariri wa diwani. Hao ndio wanaojua ni nani ameacha kuitwa, na kwa nini. Kila mmoja wao akidhani kwamba mwingine atamwita, hataitwa na yeyote, na hapana atakayejiona amekosa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi haya huanza kuua vipaji vya wasio na jina, kabla hayajawafikia wakubwa.

Sitara ni nguo, na nguo huvishwa aliye uchi. Katika kisa hiki aliye uchi ni yule aliyesema, akabaki peke yake. Jamii inayomwondolea nguo hiyo ikampa mwenye makanzu kumi, haijasitiri kitu, imeiba.