Nguo Ikikukataa, Nani Amekosea?



Leo naandika juu ya nguo zisizoenea tena. Najua wengine watacheka. Watasema: hapa Nyarugusu watu wanahesabu vikombe vya unga, huyu analeta habari za suruali inayombana. Mimi naona ni kwa sababu hiyo hasa tunapaswa kuyaongea. Pale ambapo chakula kinapimwa, mwili nao unapimwa, na kila mtu anajiona ana ruhusa ya kuusoma mwili wa mwenzake kama tangazo lililobandikwa ukutani. Swali langu ni hili: mwili wangu una deni kwa nani?

Nianze na yangu kwa kifupi. Nilipomaliza sekondari, mimi na wasichana wengine watatu tulianza kujinyima ili tupungue. Hakuna aliyetutuma. Tuliona picha kwenye simu, tukaona kiuno cha fulani, tukaanza. Asubuhi chai kavu, mchana hakuna, jioni bugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilifuata mambo hayo ya dayeti karibu mwaka mzima. Nikapungua kweli, nikanunua mitumba ya saizi ndogo: jinzi mbili na gauni la kijani. Halafu nikaacha. Nilikuwa nimeanza kazi ya kuhamasisha vijana, na huwezi kusimama juani mbele ya vijana arobaini, ukapaza sauti saa mbili, na tumboni una chai tu. Nikarudi kula kama watu. Ndani ya miezi michache nyonga zikapanuka, mikono ikajaa, na gauni la kijani likagoma kwenye zipu.

Hapo ndipo nilipoona mwili mmoja unaweza kusomwa kwa namna nne. Mama wa jirani, mtu wa Fizi, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, sasa umekuwa mtu. Ulikuwa kama mwenye msiba." Kwa wazee wetu unene ni habari njema: una amani, unatunzwa, huna ugonjwa. Vijana wenzangu wakasema, "Yaya, umejiachia." Kwenye foleni ya mgawo nikasikia nyuma yangu, "Hawa ndo wenye kadi mbili." Na mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mwema tu, akanitania, "Naona kambi inakupenda!" Watu wanne, mwili mmoja, habari nne. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi.

Kuna kipimo kingine ambacho kila mama hapa anakijua: ule utepe wa rangi wanaozungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kutoka hapo mpaka 12.5 ni njano, na kuanzia 12.5 ni kijani. Mimi nauheshimu utepe ule. Unauliza swali moja tu: mtoto huyu anahitaji msaada wa chakula? Hausemi mtoto ni mzuri, wala mama yake ni mvivu, wala baba yake ni mwizi. Ukishapata jibu lake unakunjwa, unarudi mfukoni. Utepe wa macho yetu sisi hatuukunji. Tunatembea nao sokoni, kanisani, msikitini, bombani.

Sasa, kuhusu mwili kurudi na kuzidi baada ya kujinyima. Wengi wanadhani ni ulafi. Kuna jambo nilisoma ambalo kila mkimbizi angepaswa kulijua, maana lilifanywa kwa ajili ya watu kama sisi. Mwaka 1944, vita kuu ilipokuwa inaelekea mwisho, Ulaya ilikuwa imejaa watu wenye njaa, na madaktari hawakujua vizuri namna ya kumrudishia chakula mtu aliyekonda sana. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys alichukua wanaume 36, vijana wenye afya waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea kuteswa na njaa ili wengine wapone. Kwa miezi kama sita walilishwa karibu kilokalori 1,570 kwa siku, viazi na mkate na vitu vya namna hiyo. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini si uzito tu. Walisikia baridi wakati wote, wakawa wakali, wakapoteza hamu ya kuongea na watu, wakalamba sahani, wakasoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma barua ya mchumba. Na walipoachiwa kula, walikula bila kushiba. Wengi walirudisha mafuta ya mwili kupita waliyokuwa nayo mwanzo, na ilichukua miezi mingi kabla mambo hayajatulia.

Kumbe mwili una kumbukumbu. Ukishauonyesha njaa, unaweka akiba. Haujui kama njaa ile ilitoka kwa picha za simu au kwa lori ambalo halikufika. Mwili wangu uliopanuka haukuwa unaniasi. Ulikuwa unanilinda kwa akili yake, ile ile iliyowavusha mama zetu walipokimbia.

Na hapa kuna hesabu inayonisumbua. Kipimo kinachotumika kupanga mgawo kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Juni 2023, kwa kukosa fedha, mgawo katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi asilimia 50. Nusu ya 2,100 ni 1,050. Wale wa Minnesota, ambao walikuwa wanafanyiwa jaribio la njaa, walipata zaidi. Najua wenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba wanaongezea, na wenye kabiashara wanaongezea. Wengine hawana cha kuongeza.

Kipindi hicho nilikuwa nimeamua kutoa zile jinzi mbili. Nilimpa msichana mmoja wa kikundi chetu, wa miaka kumi na saba. Zamani zisingepita hata magotini kwake. Akazivaa, zikaenea kama alipimiwa. Wenzake wakapiga vigelegele: "Umepungua! Umependeza! Umefanyaje?" Yeye akacheka nao. Tulipobaki wawili akaniambia, "Yaya, mimi sikupungua. Nilipunguzwa."

Neno hilo sijalimaliza mpaka leo. Tazameni: tulimsifu kwa njaa. Tulimpongeza kwa kitu kile kile ambacho, kwa mdogo wake, utepe ungekiita njano. Kama wembamba ni uzuri bila kuuliza umetoka wapi, basi tutafika mahali ambapo kukosa chakula kutaitwa mafanikio, na mwenye njaa ataona haya kusema ana njaa, maana ameshaambiwa amependeza.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tunabishana sana, anasema upande wa pili. Anasema: "Wewe unapata motisha kila mwezi, kaka yako aliye nje anawatumia kitu. Jirani yako anakula mara moja. Si ungebaki mwembamba, angalau ufanane naye?" Ni hoja nzito, sitaki kuipita kama upepo. Ni kweli sahani yangu haikushuka kama ya jirani. Lakini nikijinyima ili nifanane naye, sahani yake inajaa? Haijai. Njaa zinakuwa mbili badala ya moja. Ninachodaiwa na jirani ni unga, ni mboga, ni kumchotea maji akiwa mgonjwa, ni kusema ukweli kwenye mkutano mgawo ukikosewa. Hayo ndiyo deni. Wembamba wangu si malipo ya deni lolote. Ni rahisi zaidi kukonda pamoja na mtu kuliko kumgawia, na ndiyo sababu naushuku wema wa namna hiyo.

Wengine watasema kujinyima ni nidhamu, mbona dini zinafundisha kufunga? Ndiyo, zinafundisha, na mimi nafunga. Lakini mfungo una mwanzo na mwisho. Jua likizama kuna futari, na futari njema ni ile unayomwita na jirani. Anayefunga hauchukii mwili wake, anauleta mbele ya Mungu. Ile ya kwetu ya simu haina magharibi. Haina siku utaambiwa sasa kula, umefika.

Na daktari akikuambia sukari iko juu au presha imepanda, msikilize, ufuate. Hapo unakula kwa namna fulani ili uishi. Sisemi unene ni mzuri na wembamba ni mbaya, hiyo ingekuwa ni kugeuza tu utepe upande wa pili.

Turudi kwenye sanduku la nguo. Ile jinzi ilishonwa kwa ajili ya mtu nisiyemjua, labda wa Ulaya au Marekani. Akaichoka, ikafungwa kwenye belo, ikavuka bahari, ikafika Kasulu, ikaingia kambini. Eti mimi ndo nijikate ili niingie kwenye umbo la mtu huyo? Fundi cherehani hafanyi hivyo. Ukienda kwake hapimi kitambaa kwanza, anapima mtu. Na mama zetu walijua zaidi. Kikwembe hakina saizi. Binti anakifunga, mwenye mimba anakifunga, anayenyonyesha, bibi aliyekauka kama kuni. Mwaka 1996 mama zetu walikivuka nacho ziwa: kimefunga kiuno, kimebeba mtoto, usiku kimekuwa blanketi. Hakikuwahi kumuuliza mtu mwaka jana alikuwa na kiuno gani.

Gauni la kijani ndilo lilinipa shida. Halikuwa la kutoa kirahisi, nililipenda. Nililiweka chini kabisa ya sanduku, nikasema litasubiri. Nikajiuliza: linamsubiri nani? Linamsubiri msichana mwingine, mwembamba, ambaye atakuja kuishi maisha yangu vizuri kuliko mimi. Mimi niliyepo nivae vilivyochakaa, kwa sababu mimi ni wa muda tu.

Ugonjwa huo tunaufahamu hapa, sivyo? Kambi hii ilifunguliwa 1996, na tangu siku hiyo ni ya muda. Nimezaliwa humu, nimesoma humu, na bado nasikia watu wakisema tutaanza kuishi tukirudi, au tukipata nchi ya tatu. Wapo ambao hawakupanda hata mti mmoja, kwa sababu tunaondoka karibuni. Wapo waliopanda mwembe, na wajukuu wao wanakula maembe. Waliopanda hawakuacha kutumaini nyumbani. Walikataa tu kukaa njaa ya kivuli wakati wakisubiri. Naamini tumaini la kweli linakuruhusu kuishi leo, halikudai uzuie pumzi mpaka siku hiyo ifike.

Kwa hiyo nililipeleka gauni kwa fundi, kijana Mrundi wa zoni ya pili kutoka kwetu. Akafumua mishono ya pembeni, akaingiza vipande vya kitenge cha njano kila upande, akaondoa zipu akaweka kamba za kufunga mgongoni. Shilingi elfu mbili. Sasa linaongezeka na kupungua pamoja na mimi. Vipande vya njano vinaonekana wazi kwamba ni nyongeza, na sikumwomba avifiche.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, naomba mawili. La kwanza, msitanie miili yetu, hata kwa upendo. Mkituona tumejaa msiseme kambi ni nzuri, mkituona tumekonda msiseme tumependeza. La pili, mkileta nguo za msaada, leteni saizi zote, na kama inawezekana leteni pia vitambaa, nyuzi na sindano, maana mafundi tunao.

Na ninyi vijana wenzangu: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kikundi chetu kinabadilishana nguo kwenye kibanda cha vijana, saa nane mchana. Ulete isiyokuenea, uchukue inayokuenea. Sheria ni moja: tunaongea juu ya nguo, hatuongei juu ya mwili wa aliyeivaa. Mwezi uliopita mtu alisahau, akamwambia mwenzake "umekuwa kipande cha mtu." Tukamtuma achote ndoo mbili za maji ya kunywa kwa ajili ya wote, akachota, tukaendelea. Kama una maoni tofauti na yangu, njoo nayo hapo hapo, au uyaandike tuyasome toleo lijalo.